Mikrobe Wanaolisha Sambaza

Majuma mawili yaliyopita tuliongea katika ukurasa huu juu ya kunawa mikono na kuchemsha maji, na tulisema wazi kwamba maji ya ziwa yana mikrobe. Baada ya somo lile, kikundi kimoja cha wamama wauzaji wa sambaza kilituletea swali: «Mwalimu, kama maji ya ziwa yamejaa mikrobe, mbona sambaza hawafi? Na mle ndani wanakula nini, maana hatuoni majani wala wadudu?»

Ni swali la watu wanaoijua kazi yao. Leo tunalijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo wengi wetu hatukulisoma shuleni. Ziwani mikrobe si ugonjwa tu. Ndio wanaookota chakula kilichopotea na kukirudisha kwenye njia inayofika hadi sahani ya mtoto. Tukilielewa jambo hilo, tutaelewa pia kwa nini sambaza hawaongezeki ovyo, na kwa nini ziwa si mahali pa kutupia takataka.

Njia fupi: kutoka jua hadi sahani

Tuanze na ile tunayoijua. Shambani, jua linapiga jani, jani linatengeneza chakula, mbuzi anakula jani, nasi tunakula mbuzi. Ziwani ni vilevile, ila mashamba yake hayaonekani. Katika maji ya juu, pale mwanga unapofika, inaelea mimea midogo sana, mingi kati yake ikiwa ni chembe moja tu. Ukichota maji kwa glasi, huioni. Ikizidi sana, ndipo maji yanapogeuka rangi ya kijani. Wataalamu wanaiita fitoplanktoni.

Mimea hiyo inaliwa na vinyama vidogo, vingi vikiwa na urefu wa milimita moja au chini yake. Weka maji ya ziwa ndani ya glasi, yatazame mbele ya taa, na pengine utaviona kama vumbi linalorukaruka. Vinaitwa zuplanktoni. Katika Ziwa Kivu walio wengi ni wa jamii ya kopepodi, ndugu wadogo wa kamba na kaa. Sambaza wanakula hao. Usiku vinyama hivyo vinapanda juu, sambaza wanavifuata, na mvuvi anawangoja na taa yake. Ndiyo maana usiku wa mbalamwezi uvuvi unakuwa mbaya: mwanga umetapakaa kila mahali, taa ya mvuvi haivuti tena, na kesho yake sokoni wamama wote wanaijua bei.

Lakini kila anayekula anapoteza. Mtoto akila sahani nzima ya bugali, haongezeki uzito wa sahani nzima. Sehemu kubwa inatumika kupumua, kutembea na kucheza, na nyingine inatoka. Kwa makadirio yanayofundishwa shuleni, kati ya sehemu kumi zilizoliwa, kama sehemu moja tu ndiyo inayogeuka kuwa mwili wa mlaji. Tufanye hesabu ya sokoni. Kilo 1,000 za mimea midogo zinatoa kama kilo 100 za vinyama, na kilo 100 za vinyama zinatoa kama kilo 10 za sambaza. Mama anayepima kopo moja la sambaza anapima mavuno ya shamba kubwa lisiloonekana.

Sukari ndani ya chai

Njia hiyo fupi ina matundu. Mimea midogo, hata ikiwa hai na yenye afya, inavujisha sehemu ya sukari iliyotengeneza. Kinyama kinapoipasua ili kuila, utomvu mwingine unamwagika majini, kama mtoto anayekula embe. Mimea mingine inakufa bila kuliwa na kupasuka yenyewe. Vinyama na samaki nao wanatoa choo na mkojo. Sehemu kubwa ya hayo yote inayeyuka.

Hapo ndipo penye shida. Weka kijiko cha sukari ndani ya chai, koroga, kisha mwambie mtoto aitoe ile sukari kwa vidole. Hawezi. Ipo, ulimi unaijua, lakini haishikiki. Ndivyo ilivyo kwa sambaza na kopepodi: chakula kilichoyeyuka kimewazunguka pande zote, na hawana namna ya kukishika. Wala si kidogo. Katika maziwa na bahari, vitu vya uhai vilivyoyeyuka ni vingi kuliko vile vilivyomo ndani ya viumbe vyote vidogo vinavyoelea, ingawa sehemu kubwa ya vitu hivyo ni migumu kusagwa hata na bakteria.

Kama mambo yangeishia hapo, kila siku ziwa lingepoteza sehemu nzuri ya chakula chake, na sambaza wangekuwa wachache kuliko tunaowajua.

Waokotaji wa makombo

Nyumbani tukimaliza kula, makombo yanaanguka uani. Mama hayaokoti moja moja. Kuku ndiye anayeyaokota, na siku nyingine anataga yai, nalo yai linarudi kwa mtoto yuleyule aliyeangusha makombo. Ziwani kazi hiyo ya kuku inafanywa na bakteria.

Bakteria wa ziwa ni mdogo kiasi kwamba ukipanga elfu moja au zaidi kwa mstari, wanatosha milimita moja. Hana mdomo wala tumbo. Chakula kilichoyeyuka kinaingia mwilini mwake kupitia ngozi yake, pande zote kwa pamoja. Kwa hiyo kile ambacho sambaza hawezi kukishika, yeye anakinywa. Nao ni wengi. Katika kijiko kimoja cha chai cha maji ya ziwa mna bakteria milioni kadhaa. Sehemu kubwa sana ya hao hawana shida yoyote na binadamu. Hawajui hata kama tupo.

Sasa, kopepodi naye hawezi kumkamata bakteria. Ni mdogo mno, anapita kama unga laini unavyopita kwenye chekeche. Anahitajika mtu wa katikati. Majini mna viumbe vya chembe moja, vikubwa kidogo kuliko bakteria, vyenye mkia mmoja au miwili kama kamba ya mjeledi. Wanaogelea na kumeza bakteria mmoja mmoja mchana na usiku. Juu yao kuna wengine wakubwa zaidi, wenye vinyweleo mwili mzima, wanaokula wale wenye mikia. Hawa wenye vinyweleo sasa wametosha ukubwa wa kukamatwa na kopepodi. Na kopepodi, tumeshasema, ni chakula cha sambaza.

Tuipange njia hiyo ili watoto waweze kuikariri: kilichoyeyuka kinaliwa na bakteria, bakteria analiwa na mwenye mkia, mwenye mkia na mwenye vinyweleo, mwenye vinyweleo na kopepodi, kopepodi na sambaza, na sambaza anafika jikoni. Wataalamu wanaiita njia hiyo mzunguko wa mikrobe, kwa sababu kilichokuwa kimetoka njiani kinazunguka na kurudi njiani.

Bariere nyingi, faida ndogo

Tusidanganyane, njia hiyo ni ndefu. Mama anayetoa muhogo kijijini na kuupeleka mjini anajua: bariere zikiwa nyingi barabarani, kila moja inachukua chake, na faida inabaki njiani. Kila kiumbe katika mzunguko wa mikrobe ni bariere. Bakteria anachoma sehemu kubwa ya alichokunywa ili aishi, mwenye mkia naye hivyohivyo, na kuendelea. Sukari iliyomwagika ikifika kwa sambaza kwa njia hiyo, imebaki kidogo sana.

Basi kwa nini tunasema mikrobe wanalisha sambaza? Kwa sababu faida yao kubwa ni mbolea. Mwenye mkia anapokula bakteria, hahitaji vyote vilivyomo. Kinachozidi anakitoa, na ndani yake mna azoti na fosforasi, vitu vilevile ambavyo mkulima anavitafuta katika samadi. Mimea midogo iko hapohapo inaelea, inavipokea mara moja na kuanza kutengeneza chakula upya. Kwa hiyo mbolea ileile inatumika mara nyingi kabla ya kupotea. Bila waokotaji hao, shamba la ziwa lingechoka upesi, kama shamba linalovunwa kila mwaka bila kurudishiwa kitu.

Kuna na kitu kingine kinachoshangaza. Bakteria wanazaana kila siku, lakini idadi yao majini haipandi sana. Inakaa karibu palepale. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni hao wenye mikia wanaowala. Ya pili ni virusi. Majini mna virusi wengi kuliko bakteria, mara nyingi kama mara kumi zaidi, na walio wengi kazi yao ni kushambulia bakteria, si watu. Bakteria akishambuliwa anapasuka, kilichokuwa ndani yake kinamwagika na kuyeyuka, na bakteria wengine wanakinywa. Hata kifo kule ziwani hakitupi kitu.

Jambo lililofichika hadi juzi

Msishangae kama hamkusoma hayo shuleni. Zamani wataalamu walihesabu bakteria wa majini kwa kuwaotesha ndani ya visahani vya chakula maalumu. Wengi hawakuota, kwa kuwa bakteria wa ziwa na wa bahari hawapendi chakula kile. Hivyo walionekana wachache, na watu wakasema hawana kazi kubwa. Katika miaka ya 1970 ilipatikana njia bora: kuchuja maji, kuwapaka bakteria rangi inayong'aa, na kuwahesabu kwa mikroskopu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba ile hesabu ya zamani ilikuwa inaona chini ya mmoja kwa kila mia.

Mwaka 1974 Mmarekani Lawrence Pomeroy aliandika kwamba picha ya chakula cha baharini inabidi ibadilishwe, maana wadogo wasioonekana ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 1983 Farooq Azam, mzaliwa wa Lahore aliyefanya kazi California, pamoja na wenzake watano, waliandika makala iliyoupa mzunguko huu jina lake. Yaani jambo hili limepata jina wakati baadhi yetu tulikuwa tunazaliwa, au tuko mgongoni mwa mama.

Hapa kwetu pia kazi imefanywa. Walimu watafiti wa ISP ya Bukavu, kama Mwapu Isumbisho na Boniface Kaningini, wamewachunguza sambaza na vinyama wanavyovila katika Kivu. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 maji ya upande wa Ishungu yamechotwa na kupimwa kwa miaka mingi, wakishirikiana na wenzao wa Namur huko Ubelgiji. Tunawataja ili watoto wetu wajue kwamba kusoma ziwa ni kazi, na kwamba inafanywa na watu wa hapa.

Ziwa lenye sanduku la kufuli tatu

Kwa nini mzunguko huu una uzito zaidi katika ziwa kama Kivu? Tutazame umbo lake. Panapozama zaidi, Kivu lina kina cha mita 485. Lakini samaki na vinyama wanaishi katika ghorofa ya juu tu, kama mita 60 hadi 70 hivi. Chini ya hapo hakuna oksijeni. Kuna maji mazito yenye chumvi, na ndani yake imeyeyuka gesi nyingi ya kaboni na metani. Maji hayo mazito hayapandi kirahisi.

Kila kitu kinachokufa juu na kuzama mpaka kule chini kinaondoka na mbolea yake. Katika AVEC zetu tunajua sanduku la pesa linavyofungwa kwa kufuli tatu, na wenye funguo ni watu watatu. Ghorofa ya chini ya Kivu ni sanduku la namna hiyo. Mbolea imejaa mle, lakini mimea midogo ya juu haina funguo. Kiangazi ndicho kinachofungua kidogo. Kati ya mwezi wa sita na wa tisa upepo unavuma, maji ya juu yanapoa na kuchanganyika hadi kwenye mpaka wa ghorofa ile, na sehemu ya mbolea inapanda. Wakati huo mimea midogo inastawi.

Miezi mingine ya mwaka, ghorofa ya juu inaishi kwa kile kilichomo mikononi. Ni kama likelemba: pesa si nyingi, lakini kwa kuwa hazikai mahali pamoja, kila mwanachama anapata kufanya kitu. Wanaozungusha ni mikrobe.

Tena, sehemu kubwa ya mimea ya Kivu yenyewe ni midogo kupindukia, karibu sawa na bakteria. Kopepodi haipati. Nayo inabidi ipite kwa mwenye mkia kwanza. Kwa hiyo katika Kivu hata chakula ambacho hakikumwagika mara nyingi kinapita njia ndefu.

Hapo inabidi tukumbuke historia. Sambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa sababu katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vinyama vinavyoelea. Waliozea vizuri, na leo ndio mboga ya familia nyingi. Lakini kulikuwa na kinyama kikubwa kidogo kinachoitwa dafnia, chenye uwezo wa kuchuja chembe ndogo sana. Dafnia alikuwa njia ya mkato: alikula wadogo moja kwa moja bila bariere nyingi. Kwa kuwa ni mkubwa na anaonekana, sambaza walimla mpaka akatoweka. Waliobaki ni kopepodi na wenzao wadogo. Tulipata sambaza, tukapoteza njia ya mkato. Ndiyo maana hatuwezi kulitazama ziwa kama sufuria isiyokwisha.

Kwa dada zetu wa Uvira, Fizi na Kalemie, jambo ni hilohilo kwa Ziwa Tanganyika na ndakala wake. Pale kina kinafika mita 1,470, na mbolea nyingi iko chini. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, hivyo hayachanganyiki vizuri na ya chini, na uzalishaji wa mimea midogo ulikuwa umepungua kwa takriban 20%. Mbolea inayopanda ikipungua, ile inayozungushwa na mikrobe inakuwa tegemeo zaidi.

Je, tutupe uchafu ili mikrobe washibe?

Labda mmoja atasema: kama mikrobe wanageuza mabaki kuwa samaki, basi tukiwatupia takataka za sokoni, choo na maji ya sabuni, sambaza wataongezeka. Hapana, wamama. Tena sababu imo ndani ya mzunguko wenyewe.

Bakteria anapokula, anapumua kama sisi, na anatumia oksijeni iliyomo majini. Makombo kidogo yanayotawanyika katika ziwa zima hayana shida. Lakini mzigo mkubwa wa uchafu ukimwagwa kwenye kighuba kimoja karibu na pwani, bakteria wanaongezeka kwa haraka, wanamaliza oksijeni ya pale, na samaki wanakimbia au wanakufa. Ni kama kuku wawili na gunia zima la makombo: hawalimalizi, linaoza. Na ni pale pwani ndipo watoto wa sambaza wanapokulia kabla ya kwenda katikati ya ziwa. Kwa hiyo mahali tunapopenda kutupa ndipo penye chekechea yao.

Kwa sababu hiyohiyo tunaomba tena: chandarua cha kitanda kibaki kitandani. Kikivutwa pwani kinabeba watoto wa sambaza wasiofika ukubwa wa kidole. Hesabu ile ya kumi kwa moja inatuonyesha kazi iliyopita ili kumfikisha samaki hapo. Kumtoa kabla hajakua na kutaga ni kuchuma muhindi ungali ua.

Mikrobe wa ziwa na mikrobe wa tumboni

Somo hili lisimfanye yeyote aache kuchemsha maji. Kati ya bakteria wengi wasio na neno, wanaingia wachache wabaya, hasa wanaotoka katika choo cha watu. Wa kipindupindu ni mmoja wao, naye anaweza kuishi majini. Goma haijasahau mwezi wa saba wa mwaka 1994, wakimbizi walipochota maji ziwani. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika majuma machache.

Kuna utafiti mmoja kutoka Bangladesh unaounganisha mambo haya mawili. Kule bakteria wa kipindupindu wanapenda kujishikiza kwenye mwili wa kopepodi. Mtaalamu Rita Colwell na wenzake waliwafundisha wamama wa vijijini kuchuja maji ya kunywa kwa kitambaa cha zamani cha nguo zao, kilichokunjwa mara kadhaa. Kitambaa hakimzuii bakteria aliye peke yake, lakini kinamzuia kopepodi aliyembeba. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: wagonjwa wa kipindupindu walipungua kwa karibu nusu.

Tunalisema hilo ili muone akili iliyomo, si ili kitambaa kichukue nafasi ya moto. Nusu iliyobaki ni watoto wa watu. Kama maji ni ya ziwa, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote vizuri, au tia dawa ya klori kama ulivyoelekezwa kwenye kituo cha afya. Yahifadhi katika bidoni yenye mfuniko.

Mambo ya kufanya juma hili

Kwanza, tusiogee, tusifulie wala tusioshee vyombo ndani ya ziwa. Chota maji kwa basini, fulia mbali na ukingo, na maji machafu uyamwage kwenye udongo au shimo. Udongo nao una mikrobe wake, na ni hodari wa kazi hiyo.

Pili, takataka za jikoni zinazooza, kama maganda ya ndizi na muhogo, ziende kwenye shimo la mbolea la bustani ya lengalenga. Azoti na fosforasi zilizomo ni mali. Tukizitupa ziwani, zinazama kwenye sanduku la kufuli tatu.

Tatu, choo kiwe na shimo lililo mbali na ukingo wa ziwa na mbali na chemchemi. Kikundi chenye wanachama wanaokaa pwani kinaweza kuweka hilo katika kazi za pamoja.

Nne, mtoto apewe sambaza mzima, asiyetolewa kichwa wala mifupa. Kwa mdogo, mkaushe na umsage awe unga wa kuchanganya katika uji. Chokaa ya mifupa yake ndiyo inayojenga mifupa ya mtoto, na protini yake ndiyo inayojenga mwili. Njia yote ile ndefu, kuanzia jua, isiishie jalalani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

Katika kartie yetu, maji machafu ya parseli yanaelekea wapi mvua ikinyesha? Ni nani wanaofua ukingoni, na wanakosa nini ili wahame pale? Wauzaji wa sambaza wanaona miezi gani samaki wakiwa wengi, na miezi gani wakiwa wachache? Andikeni majibu ya swali hilo la mwisho katika daftari la kikundi, mwezi kwa mwezi, pamoja na bei ya kopo moja. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitu cha kulinganisha na upepo wa kiangazi tulioueleza.

Juma lijalo tutaongea juu ya mikrobe wengine wa jikoni, wale wanaochachusha muhogo tunapouloweka, na kwa nini siku za kuloweka zisipunguzwe hata kama wageni wamefika. Tunawatakia juma lenye amani.